Kila Asubui Bananiuliza Nililota Nini

Barua

Mama Odile wa redio, jambo mama, na jambo ku bantu yako ya nyumba. Mi naomba musaada yako, na kama musaada hakuna basi naomba tu unisikilize, sababu hapa kwetu siku hizi bantu bote beko bananisikiliza na hakuna hata moja mwenye anasikia. Mi siandike muzuri, masomo niliachaka mu ya tatu primaire kule Sandoa, kwa hiyo fasi yenye itakushinda ruka tu, endelea mbele. Jina yangu njo usiseme. Bingine byote soma vile biko, sababu niliandika siku ine nyuma ya choo na sitaki bipotee bure.

Mi niko kijana wa miaka makumi mbili na moja, niko creuseur hapa Mutoshi, tunachimba shaba na cobalt mu ekipe ya Papa Kisimba, tuko bantu munane. Ye njo PDG yetu, ni kusema mukubwa wa shimo, mwenye kutafuta kamba na bare ya kuchimbia na bukari, ni kusema ugali, ya kula. Nalala mu lupango, kiwanja ya nyumba yake, mu kanyumba ka nyuma, karibu na bata ya bibi yake, Mama Honorine. Mi sisemake mingi. Mama yangu anasemaka kama batoto bengine banazaliwa banalia, mi nilizaliwa naangalia. Nikikaa pa fasi naangalia: nani alikula, nani hakukula, kamba gani inaanza kukatika. Lakini kusema, mama, mudomo inafungika, hata ku pikipiki ya kubeba bantu naonyeshaka tu njia na kidole mpaka tunafika.

Sasa sikia vile ilianza. Mu mwezi wa munane, mi na Dimitri, ule kijana wa ekipe yetu mwenye kinywa kama redio, unisamehe mama, tulikuwa chini kabisa, mu njia ya ndani ya shimo, na bulongo, udongo ya juu, ikaanguka nyuma yetu, ikafunga. Tulikaa mule mu giza toka asubui mpaka jua ilikuwa inaenda kulala. Dimitri alikuwa anaimba, anasema, anapanga vile atakula nyama ya nguruwe akitoka, na mi nilikuwa nahesabu pumzi yake, sababu nilisema siku ataacha kuimba njo nitajua. Balichimba, balitutosha inje. Hakuna mwenye alikufa. Kule juu kulikuwa bantu kama ku mpira, banapiga makofi, moja akanimwangia pombe ku kichwa akasema umezaliwa mara ya pili, na Papa Kisimba akanipiga ku bega, akasema: "Petit, mwanaume ni bulongo. Bulongo haiogope bulongo." Bote bakacheka, na mi nikacheka. Kesho yake asubui tukashuka.

Mama, toka pale mi siko muzima. Nikishika kamba ya kushuka, roho inapiga kama bapiga ngoma benye balikosana. Mikono inalowa. Mufuko ikianguka ku depo ya kuuzishia mawe, puu, mi niko chini ya meza, na bantu bananiuliza nilipoteza nini. Ku kanisa bakifunga mulango mi natoka, na mama moja akasema niko na pepo, ni pepo njo haipende maombi, lakini hata ku sinema bakifunga mulango mi natoka, na kule mi sijaona maombi. Mu kanyumba yangu siwezi kulala kama mulango iko ya kufunga. Nalala kichwa ndani, miguu inje. Bata ya Mama Honorine ilizoea miguu yangu, inakuya asubui inanikula-kula bidole, njo saa yangu ya kuamuka ile.

Na ningeambia nani? Ku shimo ukisema "naogopa", umekufa na ungali muzima. Kulikuwa kijana moja, Ngeleka, alisema vile siku moja tu, tena polepole, basi bakamupatia jina Mama Ngeleka, bakamuletea mutoto wa jirani eti amunyonyeshe, kila siku, mpaka akakusanya bintu yake akarudi kwabo. Ile mi niliiona. Nikafunga mudomo.

Lakini kuko sheria moja ya shimo, ya zamani, na we mama utakuwa unaijua. Muntu akilota mubaya, anasema asubui mbele ya kunawa uso, na ile siku hakuna mwenye anashuka, hata PDG. Hakuna mwenye anamucheka. Hakuna mwenye anamuuliza sababu. Ndoto ni ndoto. Basi asubui moja ya mwezi wa kumi nilishika kamba na miguu ikakataa. Miguu, mama, haikuwa mi. Bantu saba beko nyuma yangu banangojea, moja anakohoa, na nikasikia mudomo yangu inasema: "Nililota mubaya. Nililota bibi wa nguo nyeupe anafunga mulango." Sikulota kitu. Hata kulala sikulala. Ule bibi nilimutosha mu hewa.

Papa Kisimba akakunja kamba. Tukakaa chini ya hema, banacheza karata, na mi naangalia chini na haya. Kufika saa tatu, shimo ikaanguka. Ukuta muzima, mama, toka juu mpaka chini, na vumbi ikatoka kama nyumba yenye inapumua. Kama tulikuwa mule, hata Dimitri hangeimba.

Kisha bote bakageuka, bakaniangalia mi. Papa Kisimba akatosha kofia yake. Mi sikuwa namuonaka na kichwa wazi hata siku moja. Eko na upara.

Ni pale njo maisha yangu iliharibika. Kesho yake, hata bata haijafika, nasikia bantu pa mulango, bantu wa mashimo ingine, na torche mu mikono: "Nabii, ulilota nini?" Dimitri akajifanya secrétaire. Anabapanga mustari, anabaambia kama nabii anapokea asubui tu, mbele ya kunawa uso, kwa hiyo mi nakaa na uso muchafu mpaka saa ine. Bananiletea kuku, sukari, sardine. Muntu moja alitoka mbali akauliza kama bibi yake anamupenda, nikamwambia sijue, akashukuru sana, akasema alikuwa na wasiwasi kama nitasema hapana. Mama Honorine ananipikia maharagi kila mangaribi sababu balimwambia maharagi inaleta ndoto. Inaleta kitu ingine, lakini ndoto hapana.

Na mi natafuta kulota, mama, kwa kweli natafuta. Lakini muntu akilala anaogopa kama hatalota, usingizi inakuya wapi? Asubui nabapatia ya kutunga. Nasema niliona muto inapanda mulima. Nasema niliona samaki mu kofia. Dimitri anafasiria. Siku moja tu nililota kitu mupya, ya kweli: mbuzi iko inakula kitenge ya Mama Honorine pa kamba ya nguo. Nikasema vile iko, nilifikiri batacheka, kisha tutaenda ku kazi. Balikaa nayo mpaka muchana. Dimitri akasema kitenge ni mama wa nyumba na mbuzi ni adui mwenye eko karibu. Mama Honorine akafunga bitenge byote mu sanduku akavaa ufunguo ku shingo. Na mbuzi ya jirani yetu, Tata Tshilombo, mbuzi mwenye hakukosea muntu, bakaanza kumuangalia mubaya, mutoto moja akamutupia jiwe, mpaka Tata Tshilombo akaogopa, akamupandisha mu train kwenda kwa ndugu yake Lubudi. Toka ile siku nikimusalimia Tata Tshilombo anaangalia ukuta.

Tena kuko Jémima, anauzisha mikate pa njia ya kwenda ku shimo. Mi namupenda mwaka muzima sasa, na maneno yenye nilikwisha kumwambia ni "mbili" na "aksanti". Siku moja akaniuliza na macho chini: "Nabii, na mi, ulinilotaka?" Nikafikiri, leo niseme kweli, hata mara moja. Nikasema hapana. Juma mbili sasa ananiuzishia mikate ya jana.

Ukweli ni hii, mama, na hii sijaambia muntu. Kuacha ile ya mbuzi, ndoto niko nayo moja tu, na inarudi yenyewe. Niko mu giza, bulongo iko ku kifua, naita, na sauti haitoke. Ile hakuna mwenye anaitaka. Siku moja nilianza kuisema na Dimitri akanikata, akasema ile ni ya zamani, tupatie ya leo.

Sasa shida yenyewe. Mvua ilianza, na tulimaliza juma tatu bila kushuka. Mu lupango tunakula bukari mara moja ku siku, na batoto wa Papa Kisimba banaangalia sufuria vile mi naangalia shimo. Papa Kisimba alifungua shimo mupya kule chini karibu na muto, fasi yenye ba PDG bengine balikataa sababu ya mvua. Ye akasema bo habana nabii, sisi tuko naye. Alinipangia: siku ya Mungu, Jumapili, nitakula nyama, nitalala mu chumba yao kubwa, ku kitanda yake mwenyewe, ye atalala chini, na kazi moja asubui, ni kusema Jumatatu, nitabaambia. Nikisema muzuri tunashuka bote munane. Alishika mukono yangu na mikono yake mbili, akasema: "Petit, mi nakuamini kuliko macho yangu."

Mama, nikisema nililota muzuri na ile shimo ianguke, ni mi njo nitakuwa nimeua bantu saba, na mi mwenyewe wa munane. Nikisema nililota mubaya, batakaa, batoto batalala njaa, juma ingine bataniuliza tena, na kidogo kidogo njaa itabashusha bila ndoto. Nikisema ukweli, nitakuwa muongo na muoga siku moja, batanifukuza, na nitarudi wapi? Kule Sandoa mama yangu alikwisha kuambia kanisa nzima kama mutoto wake ni nabii, balimupatia kiti ya mbele.

Kila mangaribi naenda kuangalia ile shimo mupya, peke yangu. Mayi iko inatoka pa ukuta, kidogo tu, kama jasho ku mugongo ya muntu. Miti yenye balisimamisha inaanza kukunjika. Bulongo ya pale ukiishika inakuwa kama bukari yenye balitia mayi mingi. Hata ile shimo ya mwezi wa kumi ilikuwa vile vile, siku tatu mbele ianguke, ingali inasimama, niliona unga-unga inaanguka pembeni ya kamba, lakini mi njo mudogo wa ekipe, nani angenisikiliza. Haya ni maneno ya bure, naandika tu sababu karatasi ilibaki.

Uniambie, mama: hii yangu ni ugonjwa, ni pepo, ao ni zawadi ya Mungu? Mujomba yangu alianzaka vile vile, kulala inje, na leo anatembea mu barabara anasalimia milingoti ya umeme. Na kazi moja niseme nini? Ujibu mbio. Kipindi yako tunasikilizaka bote ku shimo, kazi ine, Alhamisi, saa sita, Papa Kisimba anaweka redio juu ya pipa na anakataza bantu kutafuna.

Ni mi,
Macho Wazi

Jibu ya Mama Odile

Macho Wazi, mutoto yangu, barua yako nilipata jana, ingali inanuka fasi yenye uliandikia, na niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka kijana wa mashini ya redio akafungua mulango kuangalia kama niko muzima. Mara ya pili sikucheka.

Tuanze na ugonjwa, pepo ao zawadi. Mi nilifanya kazi ya infirmière, kutunza bagonjwa, miaka makumi tatu, na pepo yenye inakimbia sinema sijaionaka. Ulifungiwa chini ya bulongo siku nzima, unahesabu pumzi ya mwenzako, ukatoka, bakakumwangia pombe, kesho yake ukarudi kule kule. Ulitaka mwili isahau? Pombe ile ilipita ku kichwa, ku mwili haikufika. Mwili yako ingali mule chini, inangojea muntu aiambie kama mulikwisha kutoka. Mukono ikiungua inavimba. Roho ikiogopa vile inapiga, inakataa mulango ya kufunga, inajitupa chini ya meza. Ni kidonda, mutoto yangu, na kidonda iko na dawa. Wazimu haiko. Na mujomba yako mwenye anasalimia milingoti, kuko mwenye alimuulizaka ni nini ilimupata mbele aanze kulala inje? Hakuna. Balisema "pepo", kisha bakaenda kula.

Usifikiri nakucheka na kukaa juu ya kiti. Bwana yangu, Mungu amupumzishe, alifanyaka kazi chini mu mgodi wa kampani. Siku moja lift ilikwama naye katikati, saa saba nzima. Alitoka, akaoga, akavaa kravati, akaenda ku misa. Toka pale, kila kazi moja asubui alikuwa na malaria. Kila kazi moja, miaka kumi na mbili. Kazi mbili amepona, anaomba chai. Na mi, infirmière, diploma iko ku ukuta, nilikuwa namunywesha kinini, dawa ya malaria, masikio yake inalia kengele bure. Sikumuulizaka hata mara moja: Papa, unaogopa? Na kama ningemuuliza, angesema kama mukubwa wako: bulongo haiogope bulongo. Alifundishwa vile na baba yake, na siye tukafundisha batoto yetu vile vile, tukaona ni malezi muzuri. Aliogopa peke yake mpaka pensheni. Kwa hiyo nikikugombeza leo ujue nagombeza na nyumba yangu.

Sasa nikugombeze. Ulidanganya. Usiniambie ni mudomo, usiniambie ni miguu. Mudomo na miguu ni ya nani, ya bata? Ile ya kwanza nakusamehe, sababu ilikuwa mulango moja tu yenye balikuachia wazi. Bazee benye baliweka ile sheria ya ndoto habakuwa bapumbafu. Balijua kama siku ingine mwanaume anasikia mubaya mu mwili na hana neno ya kusema, kwa hiyo balitoboa kamulango, bakaandika juu yake: ndoto. Ngeleka alisema "naogopa", bakamuletea mutoto wa kunyonyesha. We ulisema "nililota", bakakukunjia kamba na kukutoshea kofia. Ni woga moja ile ile, tofauti ni nguo. Lakini mara ya pili? Mara ya kumi? Samaki mu kofia? Kuku ulikula, sardine ulikula, na mbuzi wa Tata Tshilombo eko Lubudi kwa bantu benye hajue. Utaenda kwa ule muzee, utasimama mbele yake hata akiangalia ukuta, na utamuomba samahani. Na usimwambie ulilota anakusamehe.

Nimemaliza kugombeza. Sikia sasa kitu yenye ilinifanya nisome mara ya pili. Uliandika mingi, mingi, juu ya ndoto. Kisha pa mwisho, sababu karatasi ilibaki, ukaandika mayi kama jasho ku mugongo, miti inakunjika, bulongo kama bukari ya mayi, na ukasema ni maneno ya bure. Mutoto, ile njo barua. Bingine byote ni bahasha. Shimo ya mwezi wa kumi haikuanguka sababu ya bibi wa nguo nyeupe. Ilianguka sababu ya ile unga-unga yenye we uliona siku tatu mbele, ukanyamaza, na miguu yako ikakataa kunyamaza. Hauko nabii. Manabii tuko nao ya kutosha mu hii muji, kila barabara na mikro yake, mpaka hatulale. We uko muntu mwenye anaangalia, na bale ni bachache. Mukubwa wako alisema anakuamini kuliko macho yake. Basi umupatie macho yako, usimupatie usingizi yako.

Kwa hiyo siku ya Mungu hauende kulala ku kitanda ya muntu na kumulaza chini na upara yake. Nyama kula, sikukataze, uko mwembamba, inasikika hata mu maandiko. Lakini umupeleke Papa Kisimba ku ile shimo mu muchana, ushike mukono yake, uiweke pa ukuta yenye inatoka jasho. Hata maneno tatu yatatosha: "Mayi. Miti. Angalia." Shimo karibu na muto mu mvua haihitaji ndoto ya muntu, inahitaji kuachwa mpaka jua irudi. Na njaa ya batoto, hakuna mwenye anaicheka, lakini kazi ya juu iko: kupanga upya yale mabaki ya bulongo yenye mulitupaka, kuosha, kuchagua, kubeba mifuko ya bengine. Inaleta kidogo. Kidogo inaingia mu sufuria. Baba mwenye eko chini ya bulongo haingize kitu.

Na we mwenyewe, kushuka hapana, si leo, si mwezi huu. Omba kazi ya kukaa juu, kushika kamba na kuzunguka mashimo asubui mbele ya bantu, kuangalia kuta. Kisha enda ku centre de santé, kituo ya afya, uulize kama kuko muntu mwenye anatunza roho na mawazo, na kama kwenu hakuna, bakuonyeshe fasi eko. Ukifika umusemee ile ndoto moja ya kweli, ya giza na sauti yenye haitoke. Useme mpaka mwisho. Ye hatakuambia ni ya zamani. Itachukua siku mingi, na siku ya kwanza utalia, usimwambie Dimitri kama ni vumbi. Na wakati roho inaanza kupiga, simama, kanyaga chini muzuri, na useme kwa sauti bintu tano yenye unaona: pipa, kamba, bata, chochote. We uko fundi wa kuangalia, tumikisha ufundi yako. Mulango acha wazi, funga kidogo kidogo, juma kwa juma, mpaka bata itafute kazi ingine.

Huyo Dimitri. Aliimba siku nzima mu giza, na toka ile siku hajanyamaza. Hujaona? We mwenye unaona yote? Muntu mwenye hawezi kuacha kusema ni muntu mwenye anaogopa kimya. Kaa naye mbali na bantu, umuulize: na weye, unalota nini? Kisha ungoje jibu. Nyinyi bawili mulitoka mu shimo moja, na kila moja anafikiri alitoka peke yake.

Jémima pia. Mwambie hivi: sikukulota sababu silale, na sababu moja ya kutolala ni weye. Ukishindwa, sema nusu. Mikate ya leo itarudi.

Sasa kitu ya mwisho. Uliniomba nisiseme jina yako, na sijaisema. Lakini uliandika mwenyewe kama redio iko juu ya pipa, na kama hakuna mwenye anatafuna. Muntu mwenye anataka kujificha haandike vile. Uko na mudomo yenye inafungika, ukaamua kuazima yangu. Muzuri, nimekuazimisha. Nimesoma yote hapa ku mikro, na mbuzi, na bitenge, na maharagi, na nafikiri mu Mutoshi nzima ekipe yenye ilifukuzisha ule mbuzi ni moja tu. Kwa hiyo sasa hivi bamekwisha kugeuka, beko banakuangalia. Usikimbie. Acha baangalie, na bo pia bajifunze.

Papa Kisimba, jambo, tata. Najua unasikia. Huyu kijana hakukudanganya juu ya shimo, alikudanganya juu ya njia yenye alijua. Bantu saba munapumua leo sababu ya macho yake. Usimufukuze, na usikubali muntu amuletee mutoto wa kunyonyesha. Tosha kofia tena, upara haijauaka muntu. Umuulize hapo hapo, mbele ya bote, lakini usimuulize alilota nini. Umuulize aliona nini. Kisha ungoje, tata, ungoje muzuri, mudomo yake inachelewaka.

Na weye, Macho Wazi, akimaliza kuuliza, ujibu. Kisha enda unawe uso.